Kiatu Kilichoimbiwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana baadhi ya viatu nitakavyovitaja bado vimo miguuni mwa watu, palikuwa na mji wa milimani ambako mvua haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, inarudi. Matope ya mji ule yalikuwa yakimvua mtu kiatu huku anajiona. Ndiyo maana pale palikuwa na chuo cha ufundi, na ndani ya chuo palikuwa na karakana ya viatu, na ndani ya karakana alikuwamo Mwalimu Bupe, mama mfupi, mkali. Akikukuta unapaka gundi kabla hujaikwaruza ngozi, siku hiyo chai ya saa nne utaisikia kwa wenzio.

Mwaka huo vijana walikimbilia umakanika na useremala. Kushona viatu, walisema, ni kazi ya kuinama. Basi kwa Mwalimu Bupe wakabaki watatu.

Wa kwanza aliitwa Gwamaka. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Siku mama yake alipomleta alilia pale langoni, akidhani mwanawe atawekwa kona mpaka siku ya kurudi nyumbani. Alipokuja kumtazama baadaye alimkuta anawagombeza wenzake kwa mikono, eti mishono yenu imepinda kama njia ya ng'ombe. Karakana nzima ilijua lugha ya alama, tena kwa lazima. Mwalimu Bupe alikwisha kusema kwamba asiyejua kuongea na Gwamaka asithubutu kumwazima mkasi.

Wa pili aliitwa Lusajo. Huyu alikuwa mzima wa viungo, ila subira ndiyo hana. Alikuwa amebeba mizigo stendi tangu alipoacha shule, na mdomo wake ungeweza kumuuzia mtu kandambili za mguu mmoja. Mikono yake ilikuwa na kasi ya ajabu, na kasi hiyo ndiyo iliyomtia Mwalimu Bupe mvi.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemfuata mimi, aliitwa Tusekile. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, mfupi wa kuonekana, na alitembea kwa mkongojo huku bega moja likipanda na kushuka. Watoto wa mtaani kwao walikuwa na mchezo wa kumfuata nyuma wakiigiza mwendo wake, bega juu, bega chini, mpaka mtu mzima awafukuze. Alikuwa ameuzoea mchezo huo, lakini kuzoea na kusamehe ni mambo mawili. Sokoni alipita kando ya kuta, upesiupesi, bila kusalimia sana.

Kaka yake ndiye aliyempeleka chuoni. Alimwambia ajaribu, na kama itashindikana asijali, atarudi nyumbani awaangalie watoto. Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulimuuma Tusekile kuliko tusi. Alikwishajiona mzee, amekaa barazani kwa kaka yake, anafukuza kuku wa shemeji.

Sasa sikilizeni kilichowaweka watu roho juu. Fundi viatu wa pale stendi alikuwa amehamia kwa watoto wake mbali, akaacha kibanda cha mabati na cherehani ya viatu, ile nzito ya chuma. Mwenyekiti wa soko akasema kibanda kitapewa mhitimu wa mwaka huo. Mhitimu mmoja. Zamani soko liliwahi kuwapa ndugu wawili bucha moja, wakagombana mpaka wakaikata meza kwa msumeno, kila mtu akaondoka na miguu miwili ya meza. Tangu siku hiyo ukimtajia mwenyekiti neno ubia, anakutafutia mlango.

Wote watatu walikitaka kibanda kile, na wote watatu walipitia pale jioni kukichungulia, kila mmoja akijifanya ana safari zake.

Mtihani wa Mwalimu Bupe haukuwa wa karatasi. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: huvai kiatu ulichoshona mwenyewe, unavaa cha mwenzio. Mnapiga kura, kila mmoja anampima mguu yule aliyempata, anampima mara moja tu, kisha anajifungia na kazi yake. Hakuna kujaribisha. Siku ya mtihani mnavaa, mnapanda mlima mpaka kwenye tangi la maji, mnashuka, mnaingia sokoni mbele ya watu wote. Na sheria zilikuwa hizi, kila mtoto wa mji ule alizijua kwa moyo: kiatu kikifumuka, fundi wake kaanguka. Kiatu kikilia, fundi wake kaanguka. Kiatu kikivuliwa njiani, fundi wake kaanguka.

Mnaona mtego uliomo? Kila mtu anatembea na kazi ya mshindani wake. Ukitaka mwenzio aanguke, kanyaga vibaya, au vua kiatu useme kinakubana. Nani atakuuliza?

Kura zikapigwa. Gwamaka akampata Tusekile. Tusekile akampata Lusajo. Lusajo akampata Gwamaka.

Gwamaka alimpima Tusekile kwa muda mrefu, mguu huu, mguu ule, akamwambia asimame, aende, arudi, asimame tena. Hakuna aliyewahi kuitazama miguu ile bila kuionea huruma. Yeye aliitazama kama fundi anayetazama ukuta atakaoupiga lipu. Tusekile naye akampima Lusajo kwa utulivu, Lusajo amesimama wima, miguu mipana ya mtu aliyekua peku. Lusajo alimpima Gwamaka huku anapiga hadithi na watu wa dirishani, akamaliza kabla wengine hawajapata kamba ya kupimia. Kisha kila mmoja akaenda na kazi yake.

Siku ikafika, na mvua ikafika nayo.

Mwalimu Bupe akawafungulia vifurushi vyao. Cha Tusekile kilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vizuri mpaka akaogopa kuvishika. Cha kushoto kilikuwa na soli nene, iliyonyanyuliwa, lakini alipokiinua kilikuwa chepesi kama cha mwenzake. Gwamaka alikuwa ameipanga soli ile kwa malapa ya mpira ya zamani, tabaka juu ya tabaka, akayabana na kuyazungushia ngozi. Tusekile akavivaa, akafunga kamba, akasimama.

Akasimama sawa. Bega lilikuwa sawa na bega, kiuno sawa na kiuno. Alitazama chini, akatazama mbele, akaona dirisha la karakana liko chini kuliko alivyolizoea.  Alipiga hatua, akapiga nyingine, na mkongojo ukawa unaning'inia tu mkononi hauna kazi, basi akauweka begani kama mtu anayetoka shamba na jembe lake. Gwamaka alimwangalia akageuza uso, akajifanya anakaza kamba zake.

Wakaanza kupanda. Watu wakatoka milangoni na miavuli. Tusekile alipanda mlima ule kwa furaha isiyo na mfano. Kila hatua ilimshangaza. Alimpita mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani, na hakuwahi kumpita mtu barabarani maisha yake yote.

Ndipo kiatu kikalia.

Mwanzoni alidhani ni chura. Kwii. Akakanyaga tena. Kwii. Maji yalikuwa yamepenya katikati ya yale malapa, na kila alipouweka mguu wa kushoto, tabaka zilisuguana zikapiga kelele. Gwamaka alikuwa hatua chache mbele yake, anapanda zake, na asingeweza kujua. Alikuwa ametengeneza kiatu kizuri kuliko vyote na hakuwa na njia ya kusikia kwamba kinalia.

Tusekile akatazama milangoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo hakuna mwingine aliyesikia. Lakini sokoni watasikia. Sokoni mwenyekiti huwanyamazisha watu makusudi asikilize miguu. Kiatu kikilia, fundi wake kaanguka, na Gwamaka akianguka, anabaki Lusajo peke yake, na Lusajo huyo ni mtu wa gundi na haraka. Tusekile kibanda akakiona. Akajiona amekaa ndani yake, kaka yake anapita stendi anamwonyesha watu, yule ni dada yangu. Naye hangehitaji kufanya ubaya wowote, ni kutembea tu. Msijifanye nyie mngekuwa watakatifu, alilifikiria jambo hilo vizuri, na lilionekana tamu kwake.

Akiwa katika mawazo hayo akageuka nyuma kumtazama Lusajo, na alichokiona kilimfanya damu ichemke.

Lusajo alikuwa anachechemea. Bega juu, bega chini. Mguu wa kulia anaukanyaga kwa nguvu, wa kushoto anaugusisha tu chini na kuuondoa, mwendo ule ule, mchezo ule ule wa watoto wa mtaani. Na watu milangoni walikuwa wanacheka. Tusekile alihisi machozi ya hasira. Miaka yote ile ya kukaa meza moja, kuazimana uzi, kula muhogo wa sahani moja, kumbe mtu alikuwa anangoja siku hii amwigize mbele ya mji mzima. Akaapa moyoni kwamba akifika sokoni atatembea taratibu kuliko wote, kila mtu asikie kila kwii, Gwamaka aanguke, kisha yeye mwenyewe amshinde huyo Lusajo mbele ya mji wao.

Alimngojea kwenye tangi. Gwamaka alikuwa amekwisha kugusa ukuta wa tangi na ameinama, mikono magotini, amekunja uso. Lusajo akafika anahema.

Tusekile akamwambia kwa sauti ya chini, "Lusajo, mimi nimekukosea nini?"

Lusajo alimtazama kama mtu asiyeelewa. Kisha akaelewa, na uso ukambadilika. Akaketi juu ya jiwe, akanyoosha mguu wa kushoto bila kukivua kiatu, akamwonyesha. Pembeni, pale ngozi inapokutana na soli, uzi ulikuwa umeachia. Palikuwa na mdomo mdogo, wa kuingiza ncha ya kidole.

"Kilianza pale kona ya kanisa," akasema. "Nikiukanyaga sawasawa kinafumuka chote. Uzi wa kulia hauna neno, wa kulia ungeweza kufungia ng'ombe. Sasa dada, nifanyeje? Nimeona bora nitembee hivi. Wewe mwenyewe si ndiye umenifundisha kwamba inawezekana?"

Tusekile akakiangalia kiatu cha kulia, akakiangalia cha kushoto. Mishono ya kulia ilikuwa imekazwa mara mbili, imezama kwenye ngozi. Ya kushoto ilikuwa mizuri, imenyooka, lakini ya mkono mwepesi. Akajua mara moja alichokifanya. Maisha yake yote mguu wa kulia ndio uliombeba, wa kushoto ulifuata tu, na mikono yake ilishona vile mwili wake ulivyozoea. Alikuwa amemshonea Lusajo viatu vya mtu mwenye mguu kama wake.

Na Lusajo, ambaye angekanyaga mara moja tu kwa nguvu na kumwondoa njiani, alikuwa amepanda mlima mzima akichekwa.

Basi Tusekile aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alitaka kuomba msamaha, lakini Lusajo hakumpa nafasi, alikwisha kusimama anasema tushuke kabla mvua haijakatika. Gwamaka aliuliza kwa mikono kuna nini. Tusekile akamjibu hakuna kitu, twende.

Mvua ikakatika. Hiyo ndiyo tabia ya mvua ya kule, huitaki ipo, unaitaka haipo. Walipofika mwanzo wa soko palikuwa kimya na jua linatoka, na mwenyekiti amesimama juu ya kreti la soda, ameinua mkono. Watu wakanyamaza. Kina mama wa ndizi wakanyamaza, muuza kaseti akazima redio yake. Lusajo akajikaza ajifanye mzima. Gwamaka akavuka mbele, uso mgumu. Kiatu cha Tusekile kilikuwa tayari kimepata pumzi ya kulia.

Hapo yule aliyekuwa akipita kando ya kuta akaingia katikati ya soko, akafungua kinywa, akaimba.

Aliimba wimbo wa harusi, ule wa kumpokea bibi harusi kwao, ambao hakuna mama katika mji ule anayeweza kuusikia akanyamaza. Sauti yake ilikuwa nene na haikuwa nzuri sana, nisiwadanganye. Mstari wa kwanza aliimba peke yake. Wa pili mama mmoja wa ndizi akamwitikia. Wa tatu likaitika soko zima, vigelegele vikapaa, mtu akaanza kupiga debe tupu kwa kijiti, na Tusekile anatembea katikati yao, mrefu, amenyooka, mkongojo begani, na kiatu kinalia weee, hakuna anayekisikia. Lusajo akajichanganya humo anacheza, na mtu anayecheza akichechemea nani atamshangaa. Kaka yake Tusekile alikuwapo, amesimama kwenye meza yake ya mitumba, analia waziwazi mbele ya wateja.

Wakafika kwenye meza ya mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa amecheza kidogo, akakagua miguu yao kwa macho. Akasema havikufumuka, havikulia, havikuvuliwa. Akasema wote wamefuzu, ila kiatu kilichomnyoosha binti huyu yeye hajawahi kukiona kinachofanana nacho, na ufunguo wa kibanda anadhani unajulikana ni wa nani. Akamwita Gwamaka asogee aupokee.

Gwamaka akapiga hatua moja, akashindwa ya pili.

Mwalimu Bupe alipiga magoti mwenyewe, akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa damu kisiginoni na vidoleni. Watu wakaguna. Kijana yule alikuwa amepanda na kushuka mlima na viatu vinavyombana kama koleo, na hakuvivua, kwa sababu angevivua Lusajo angeanguka.

Lusajo akasema mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Ni mimi. Nilimpima ameketi. Mguu wa mtu aliyeketi ni mdogo, ukisimama unatanuka. Mwalimu alitufundisha wiki ya kwanza."

Mwenyekiti akasema, basi Lusajo kaanguka.

Tusekile hakuweza kuvumilia. Alitaka kwenda kukiinua kile kiatu cha kushoto cha Lusajo watu wakione, aseme hili la kwangu nalo lihesabiwe. Akapiga hatua. Na katika kimya kile, soko zima likasikia: kwii.

Akasimama. Akapiga nyingine. Kwii.

Jamani, watu walicheka. Gwamaka akauliza wanacheka nini, na Tusekile akamwambia: kiatu chako kinalia, kinalia tangu mlimani. Gwamaka akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya ile soli nene, akamwashiria akanyage. Tusekile akakanyaga. Gwamaka akaisikia ile sauti kwa kiganja, akabaki mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Ndipo Tusekile akakiinua kiatu cha Lusajo, akauonyesha ule mdomo, akaeleza yote, la kona ya kanisa na la hasira yake.

Kiatu kimoja kimefumuka. Kiatu kimoja kinalia. Kiatu kimoja kingestahili kuvuliwa na hakikuvuliwa. Mwalimu Bupe akasema kwa haki mafundi wote watatu wameanguka. Halafu akasema, lakini katika miaka yake yote hajapata kuona watembeaji kama hawa, na leo cheti chake watapewa watatu. La kibanda, akasema, si lake, ni la soko, na wenye midomo waseme.

Nao wale watatu walisema, msidhani walikuwa malaika wa kusukumiana ufunguo.

Lusajo akasema, "Mimi nimechekwa mlima mzima. Mtu wa mdomo kama mimi, nimechekwa na nikanyamaza. Tena kosa langu ni la kipimo, sitalirudia. Nipeni."

Gwamaka akasema kwa mikono, na Tusekile ndiye aliyemtafsiria, neno kwa neno, hakumpunguzia hata moja. "Mimi nimelipa kwa damu, na kiatu changu kimemnyoosha mtu. Kulia ni dogo, hilo nalitengeneza kabla ya jioni. Nipeni."

Kisha Tusekile akaacha maneno ya Gwamaka, akasema yake mwenyewe.

"Wenzangu waliokoa kazi ya mtu huku hawajui kama mwenzao anaokoa yao. Mimi nilijua nikinyamaza tu nashinda. Na mimi ndiye niliyeogopa soko hili kuliko mlima. Nimeimba humu ndani. Nipeni."

Mwenyekiti akautazama ufunguo, akawatazama wao. Akasema yeye si Mungu. Akauweka juu ya meza, katikati, akarudi nyuma. Soko likaanza kupiga kelele, huku Lusajo, huku Gwamaka, kina mama wa ndizi wote Tusekile, na kaka yake kapanda juu ya meza ya mitumba anapunga shati la mtu. Mikono mitatu ikanyooshwa kuelekea ufunguo ule, na wa Tusekile ulikuwa wa kwanza, na haukuwa na haya.

Mimi naishia hapo, maana walionisimulia nao waligombana hapo hapo. Haya nyie, mnaojua kuhukumu: aliyechekwa, aliyetoka damu, na aliyeimba. Ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngemwekea nani kiganjani?